Boriti za Mti Mmoja

Kitanda cha Mzee Boriti kilikuwa kimeanza kutembea. Hakikukimbia, maana kilikuwa cha mti mgumu na kizito kuliko kesi ya mirathi. Kilisogea upana wa kidole kimoja kwa wiki, kutoka ukutani kwenda katikati ya chumba. Kila Jumamosi mkamwana wake aliinama, akaweka bega kwenye ubao wa miguuni, akakirudisha mahali pake huku mzee kalala juu kama abiria wa daraja la kwanza.

"Leo tumefika wapi?" mzee aliuliza.

"Umevuka kidole kizima, Baba. Ukiendelea hivi, mwezi ujao tutakukuta kwenye ngazi."

"Na nauli?"

"Utalipa ukishuka."

"Mimi sishuki."

"Basi tutakufuata kaburini na risiti."

Mzee akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki kuwa wake. Upande wa pili ulichukuliwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, pamoja na mkono, mguu na mifupa ya maneno. Akizungumza, mgeni alisikia kama mtu anayetafuna kitambaa. Mwanawe alisikia nusu, na ile nusu nyingine alibahatisha. Aliyemsikia yote, mpaka matusi, alikuwa huyu mkamwana aliyemwosha, akamlisha, akamnyoa na kumgeuza ubavu huu na huu kila siku kabla ya kushuka kwenye kazi yake ya kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mzee alimwita Pasi. Yeye alimwita Baba. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine aliyecheka vichekesho vya mwenzake, kwa hiyo walitunzana.

Asubuhi hiyo, kitanda kilipogusa ukuta, sakafu ilitoa sauti. Haikuwa ile ya siku zote, ya mbao kuguna kama wazee wanaonyanyuka kwenye kiti. Ilikuwa moja, kavu, fupi, kama mtu kavunja mfupa wa kuku kwa meno.

Pasi aliganda, mikono bado iko kwenye ubao.

"Baba, jana usiku ulikula nini?"

Mzee hakucheka. Jicho lake zima lilikuwa linatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu augue, Pasi aliona kwamba mzee anaogopa.

Ghorofa ya chini, kwenye chumba chake cha pasi, juu ya mashuka arobaini aliyokwisha kuyanyoosha na kuyakunja, vumbi la mbao lilikuwa limenyunyizika kama pilipili.

*

Mume wake aliitwa Randa, hata na yeye mwenyewe. Alikuwa seremala kama baba yake, ila bila jina la baba yake. Alipanda ngazi na unga wa mbao kwenye nyusi, akapiga magoti, akaweka pima maji sakafuni. Kile kipovu kilikimbilia mwisho wa kioo kikakaa huko huko, kama mtoto aliyeona sindano.

"Imebonyea," alisema. "Imebonyea sana. Hizi boriti zimechoka."

"Boriti huchoka?" mkewe aliuliza. "Zinafanya kazi gani zaidi ya kulala?"

"Zinambeba baba."

"Mimi pia nambeba, na sijabonyea."

Randa aliokota pima maji, akashuka. Alitazama juu, kwenye dari la chumba cha pasi, na alilitazama kwa heshima. Dari lile lilikuwa la mbao nyembamba zilizoumana meno kwa meno, bila msumari hata mmoja unaoonekana. Baba yake alilipiga kwa mkono wake, na juu ya dari zilikaa boriti saba zilizompa mzee jina. Mji mzima ulijua habari zake. Mafundi wengine waliunga boriti fupi mbili wakapata ndefu moja. Mzee Boriti hakuunga. Boriti yake ilitoka ukuta hadi ukuta, mti mmoja, na alikuwa na usemi wake kwa wateja: "Ukikuta kiungo kwenye boriti yangu, niite mwizi mbele ya watoto wangu." Watu walimlipa zaidi kwa usemi huo. Nyumba hii ndiyo ilikuwa kibao chake cha biashara. Mteja akisita, aliletwa hapa, akapandishwa ghorofani, akaambiwa aruke.

"Fungua dari uone," alisema mkewe.

Kutoka juu ikashuka sauti, ya kutafuna kitambaa lakini kali.

"Anasema nini?" Randa aliuliza.

"Anasema dari lake lisiguswe."

"Umesikia mwenyewe," Randa alisema, na alionekana kama mtu aliyepata nafuu.

*

Jioni akaja wifi. Dada yake Randa alikuwa karani wa shule, na alitembea kama mtu aliyebeba faili hata akiwa mikono mitupu. Alisimama katikati ya chumba cha pasi, akaangalia vikapu vya mashuka, akaangalia meza ndefu, akaangalia dari.

"Na huu mzigo wote wa hoteli," alisema, "hauongezi uzito humu ndani?"

"Wifi, mzigo uko chini," alisema Pasi. "Kinachoanguka ni cha juu. Labda kama mashuka yana mabawa."

"Mimi nimeuliza tu."

"Nami nimejibu tu."

"Acheni," alisema Randa. "Nimeshapanga. Nitaazima jeki mbili za lori kule gereji, nitaweka mti wa kukingama chini ya dari, nisukume juu mpaka sakafu isimame sawa, kisha nipige nguzo mbili. Siku moja, kazi imekwisha."

"Nguzo utaziweka wapi?" mkewe aliuliza.

"Huku, karibu na ngazi. Zikikaa katikati, meza yako itakwenda wapi?"

Alilisema hilo kwa upole, na mkewe akalisikia kwa upole, maana ni mambo machache ambayo Randa aliwahi kumpangia yeye kwanza. Hata ukubwa wa chumba kile ulikuwa zawadi yake. Zamani palikuwa na ukuta wa mbao katikati, unagawa vyumba viwili vyembamba kama makabati. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa kwanza wa ndoa, bibi harusi alisema meza ya pasi haiingii. Kesho yake Randa alikuja na rafiki zake watatu na nyundo, wakaubomoa ukuta kabla ya chakula cha mchana.

"Kwa nini usimwite Kobe?" wifi aliuliza. "Ana jeki nne za kuzungusha kwa mkono. Watu wote wanaonyoosha nyumba wanakwenda kwake."

"Kobe!" Randa alicheka kwa pua. "Baba alimwita Kobe mbele ya watu sokoni, jina likamganda miaka thelathini. Leo nimlete aje kuchungulia dari la baba? Afadhali lianguke."

Wifi akafungua mkoba wake, akatoa noti mbili, akaziweka juu ya shuka safi.

"Za jeki," alisema. "Si za matumizi mengine."

Alipoondoka, Pasi alizichukua noti kwa ncha za vidole, akapiga pasi pale zilipokuwa zimelala.

*

Kulipokucha Pasi alikuwa anamnyoa mzee. Wembe ulikuwa shingoni, sabuni mpaka masikioni, na alikuwa anamsimulia jinsi msimamizi wa hoteli alivyorudisha mashuka kumi na mawili na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: *Yana mchanga.*

"Nimemwambia, bwana, huo si mchanga, ni urithi wa mume wangu."

"Pasi," mzee alisema. "Ule ukuta."

"Ukuta upi?"

"Alioubomoa. Chumbani kwako."

"Ule wa mbao? Ule haukuzuia hata kikohozi."

"Ulibeba viungo."

Mkono wenye wembe ukasimama. Alimsikia vizuri, alikuwa anamsikia vizuri siku zote. Alichokosa ni mahali pa kuliweka neno lile.

Mzee alisema kipande kwa kipande, akipumzika katikati. Mwaka aliojenga, miti mirefu ilikuwa haipatikani. Malori yalileta mifupi. Wateja walikuwa wanasubiri kuiona nyumba ya fundi mkuu. Akaziunga boriti zote saba katikati, viungo vikakaa juu ya ukuta wa mbao, ukavibeba, hakuna mtu aliyejua. Dari alilipiga siku nne, milango imefungwa, mkewe kashika taa. Mkewe sasa alikuwa marehemu, na taa ilikwisha vunjika zamani.

"Kwa hiyo ukuta ulipotoka…"

"Viungo viko hewani. Miaka tisa. Niliviunga vizuri," alisema mzee, na hata pale, na sabuni usoni, sauti ilikuwa na majivuno kidogo.

"Baba, mbona hukusema alipobomoa?"

Mzee alifumba jicho. "Nyoa."

"Leo anakwenda kuazima jeki. Anataka kusukuma upande wa ngazi. Itakuwaje akisukuma upande mmoja?"

"Kipande kimoja kitapanda. Cha pili kitabaki kinaning'inia. Kiungo kitafunguka."

"Basi namwambia."

"Ukimwambia, sitakula mkononi mwako tena."

Pasi alicheka. "Utakula mkononi mwa nani? Wa wifi? Atakuandikia risiti kila kijiko."

"Sitakula, Pasi. Wala hutanigusa. Ana baba mmoja. Usimnyang'anye."

Jicho lile lilikuwa limejaa maji, na shingo ilikuwa inatetemeka chini ya wembe. Akasema, "Haya, Baba. Sisemi," upesi, kama anavyoahidiwa mtoto pipi ili atulie achomwe sindano. Alipomaliza kumfuta sabuni aliona mzee amelala usingizi, kalala vizuri kuliko siku zote, kama mtu aliyekabidhi mzigo kwa mwingine.

*

Pasi alijaribu kupita pembeni ya ahadi yake. Randa alipokuwa anaingiza jeki za lori, nyeusi, zinanuka mafuta, alimfuata nyuma nyuma.

"Weka katikati bwana. Meza nitaihamisha."

"Uihamishie wapi? Ukutani?"

"Hata nje. Nitapiga pasi na kuku wakiangalia."

"Wewe mwanamke! Miaka tisa iliyopita meza haiingii, nikavunja ukuta. Leo meza inaingia, unataka nikuwekee msitu katikati. Shika huku."

Akashika. Angefanya nini? Walisimamisha jeki mbili karibu na ngazi, juu yake ule mti wa kukingama, juu ya mti dari la mzee. Wifi alikuwa amekuja kabla ya kwenda kazini kuona noti zake zinafanya nini. Alisimama mlangoni na mkoba kwapani.

Randa akasukuma mkono wa jeki. Nyumba ikaguna. Juu, mzee akapiga kelele.

"Anasema nini?"

"Anasema taratibu," alijibu Pasi. Hilo mzee hakulisema. Alichosema ni jina la mwanawe, lile alilopewa alipozaliwa, ambalo hakuna aliyelitumia tena.

Randa akasukuma tena, mara tatu, mara nne. Upande wa ngazi sakafu ilinyanyuka. Waliiona, ilinyanyuka kweli, na Randa akatabasamu. Halafu katikati ya chumba dari likatoa ile sauti kavu, mara moja, mara mbili, na ubao mmoja ukachomoka meno yake, ukaning'inia juu ya meza ya pasi. Vumbi likawafunika nywele. Juu kitanda kikaburuzika. Mzee alikuwa anapiga kelele mfululizo sasa, sauti ya mtu anayezama.

"Anasema nini? We! Anasema nini?"

Pasi aliangalia dari. Mzee alikuwa anasema, "Usiseme, Pasi, usiseme, acha ianguke."

"Shusha jeki," alisema.

"Ndivyo anavyosema?"

"Ndivyo ninavyosema mimi. Shusha. Boriti zimeungwa. Zote saba, katikati, palipokuwa na ukuta. Ukizidi kusukuma huku, zinaachana."

Vumbi likampigisha wifi chafya. Kisha Randa akacheka.

"Zimeungwa! Baba kaunga boriti! Wewe mpiga pasi ndiye umemwona?"

"Ameniambia mwenyewe."

"Kumbe," alisema wifi, na akauweka mkoba chini kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana. "Mtu hawezi kusema, ulimi umekufa, wewe peke yako ndiye unayemsikia. Leo anakwambia yeye ni mwongo. Kesho atakwambia nyumba umeachiwa wewe, siyo?"

"Wifi, kama ningekuwa natunga, ningetunga kitu chenye faida."

"Unamtukana baba yangu akiwa ndani ya nyumba yake!"

"Nani kamtukana? Namzuia asiwaangukie kichwani!"

Randa alikuwa ameshika tena mkono wa jeki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeambiwa kwamba jua huchomoza jikoni. Pasi aliona akiongea tena atachelewa. Alipanda juu ya meza yake ya pasi na viatu, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kulifanya, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akauchomeka pale ubao ulipochomoka, akavuta kwa uzito wake wote.

Ubao ulitoka. Wa pili ukafuata, na wa tatu. Kelele za juu zikakatika.

Randa alipanda kando yake na tochi. Alitazama kwa muda mrefu. Boriti ya kwanza ilikuwa na kiungo kirefu cha mshazari, kimekatwa vizuri ajabu, kimepigwa vigingi vya mti, kimepakwa lami mshono usionekane. Kwa chini kilikuwa kimefunguka, vidole vitatu vinaingia. Aliviingiza vidole vyake. Akamulika ya pili. Akamulika ya tatu. Alipofika ya saba hakuwa anamulika tena boriti, alikuwa anamulika mikono yake.

"Kamwite Kobe," alimwambia dada yake.

*

Kobe alikuja na jeki zake nne kwenye mkokoteni, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakutaja bei. Alisema kwanza anataka kumsalimu mgonjwa. Wakampandisha, kwa kutembea pembezoni mwa ukuta, na akasimama mbele ya kitanda na kofia mkononi.

"Boriti. Za miaka?"

Mzee alifumba jicho. Kobe alingoja mpaka ikawa aibu kwa kila mtu, kisha akashuka, akapanda mezani, akatazama viungo kwa miwani na bila miwani.

"Kazi nzuri," alisema.

"Usinicheke mzee wangu," alisema Randa.

"Sikucheki. Sote tuliunga mwaka ule, mwanangu. Miti haikuwepo. Mimi nimeunga nyumba sita, na zote zimesimama, kwa sababu kila mwenye nyumba nilimwambia: hapa pana kiungo, huu ukuta usiuguse." Akashuka. "Baba yako alikuwa fundi kuliko sisi wote. Ila sisi tulisema."

Walifanya kazi siku tisa. Kobe aliweka jeki chini ya viungo vyenyewe, na aliruhusu robo mzunguko asubuhi, robo jioni, basi. Katikati alikaa kwenye ndoo akasikiliza. "Mti umezoea kuinama miaka tisa," alisema, "ukiuamrisha unyooke kwa siku moja, utakukatalia kwa kuvunjika." Sakafu iliposimama sawa, walibandika mbao ndefu za mti mgumu ubavuni mwa kila boriti, upande huu na upande huu, kuvuka kiungo kwa hatua nzima kila upande. Randa alitoboa kwa keekee, mkewe alipitisha bolti kwa vidole vyake vyembamba, Kobe akakaza nati. Boriti ya kwanza, ya pili, mpaka saba. Kwa kazi ya mikono, walikuwa watu watatu wanaoelewana vizuri, na mtu angepita dirishani angesema hapa pana furaha.

Juu hakukuwa na furaha. Mzee alitimiza alichosema. Pasi alipopanda na bakuli siku ya kwanza, aliuma meno, supu ikamwagikia shingoni. Siku ya pili aligeuza uso. Siku ya tatu alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka, na Randa akamwambia mkewe, bila kumtazama, "Labda usipande kwanza." Wifi akachukua zamu. Alimlisha siku mbili, akiwa ametandaza gazeti mapajani, siku ya tatu shule ikawa na ukaguzi. Kazi ikabaki kwa Randa, ambaye mikono yake ilijua kila kitu kuhusu mti na haikujua lolote kuhusu mtu. Na kwa kuwa mkalimani alikuwa haruhusiwi kuvuka mlango, mzee alisema na Randa hakusikia, mpaka mzee akaacha kusema.

Mjini habari hazikungoja bolti ya mwisho. Kobe hakusema, lakini mbao za ubavuni zilinunuliwa, na pale kwenye kiwanda cha mbao watu wanajua kila ubao unakwenda kufanya nini. Ijumaa Randa alipopita getini mpakizi mmoja alimwita, "Kiungo! Salamu kwa mti mmoja!" Wakacheka mpaka wenye msumeno. Mwenye duka la dawa, aliyekuwa amemwagiza sakafu ya ghorofa, alimpokea vizuri tu, akamkaribisha kiti. Alisema kazi bado ni yake. Ila dari lisifungwe mpaka Kobe aje akague.

"Ni utaratibu tu," alisema. "Usichukulie vibaya."

"Sijachukulia," alisema Randa, na aliporudi nyumbani alikaa chini ya boriti zilizokazwa, na koti lake bado mwilini.

*

Siku ya kumi Randa alipanda kwa baba yake. Mkewe alikuwa nyuma na mashuka safi. Alisimama kizingitini, mahali alipopewa ruhusa ya kufika. Sakafu haikuguna.

"Baba," alisema Randa. "Sina ugomvi kuhusu kuunga. Miti haikuwepo, Kobe kanieleza. Nataka kujua kitu kimoja. Siku nilipoubomoa ule ukuta, wewe ulikuwepo. Ulisimama pale mlangoni na kikombe cha chai. Ulikuwa unatembea, unaongea. Ulijua nyumba inakaa juu yake, na mke wangu atapiga pasi chini yake, na mjukuu wako, mtoto wa dada, akija likizo anacheza pale. Kwa nini hukusema?"

Mzee aliangalia ukuta. Kisha akaanza, chini chini, maneno yamelowa, na akaongea kwa muda.

Randa alisogeza sikio. Akasogeza tena. Mwishowe akageuka mlangoni kama mtu anayekopa.

"Anasema nini?"

Pasi alikuwa amesikia kila neno. Aliangalia mashuka mikononi mwake.

"Anasema ulikuwa na nyundo begani. Rafiki yako mmoja aliuliza kama ukuta haujabeba kitu. Ukacheka. Ukasema boriti za baba yangu hazihitaji ukuta wa mtu, ni mti mmoja, mnaweza kubomoa nyumba nzima zikabaki hewani." Akakunja upya pembe ya shuka. "Anasema ulikuwa unamsifu. Hukuwahi kumsifu kabla ya siku ile. Anasema alitaka umalize sentensi, ndipo akwambie. Ulipomaliza, nyundo ilikuwa imeshapiga."

Randa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakulia, alikuwa anasugua goti lake kwa kiganja, huku na huku, kama anayelainisha ubao.

"Miaka tisa yote, Baba?" alisema.

Mzee alirudisha jicho ukutani. Randa aliona shati la baba yake limelowa mgongoni, akafikiri ni jasho, akamgeuza ubavu ili ambadilishe. Alimgeuza kwa pupa, kama anavyogeuza mlango juu ya benchi, na mzee akatoa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Chini ya kiuno, mahali palipolaliwa siku tisa bila kugeuzwa ipasavyo, ngozi ilikuwa imefunguka. Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto, kingo zake nyeusi, na harufu ikajaa chumba.

"Mungu wangu," alisema Randa. "Mungu wangu, mimi sikuona. Sikujua mwili wa mtu hufanya hivi."

Pasi aliweka mashuka chini. Alishuka, akapanda na beseni la maji ya uvuguvugu, chumvi na kitambaa kilichochemshwa, akavuka kizingiti bila kumwomba mtu. Akamsogeza mumewe kwa kiwiko. Akapitisha mkono chini ya bega la mzee, mwingine chini ya nyonga, akamviringisha taratibu kama miaka yote ile mitatu, mpaka uzito wake wote ukamwegemea kifuani.

"Mshike hapa," alimwambia Randa. "Hapo. Usimbane."

Alipogusa kidonda kwa kitambaa, mzee alisema neno moja. Alilisema wazi kadiri ulimi wake ulivyoweza, na jicho lake zima likamtazama Pasi usoni.

Neno lilikuwa, "Toka."

"Anasema nini?" Randa aliuliza.

Pasi alikamua kitambaa, akakichovya tena.

"Anasema maji yamepoa," alisema. "Nenda kaniletee mengine."

Randa alikimbia ngazi. Naye akaendelea kuosha.